Ikiwa Si Malaria, Ni Nini?

Kata ya Pasua iko upande wa kusini wa mji wa Moshi, pale mteremko wa Kilimanjaro unapokwisha na ardhi kuanza kutandaa kuelekea Mabogini na mashamba ya mpunga ya Moshi Chini. Kituo chake cha afya hakitajwi sana katika historia ya tiba ya mkoa huu. Wanaoandika historia hiyo huanza na misheni za Kilema na Machame, wakapita hospitali ya Mawenzi, wakatua hospitali ya rufaa ya KCMC, iliyofunguliwa mwaka 1971. Ni historia ya majengo na madaktari, na haina ubaya. Ila mtu akitaka kujua ni lini na vipi uamuzi wa tiba ulihama kutoka meza ya daktari ukaingia mkononi mwa muuguzi, kliniki ya wajawazito ya mahali kama Pasua itamfundisha mengi kuliko hospitali ya rufaa. Hoja ninayoitetea hapa ni kwamba kifaa cha mkononi, kiwe kijiti cha kupimia tone la damu, karatasi yenye grafu au simu janja, hakibadilishi uamuzi wa muuguzi kwa sababu tu kinajua asichokijua yeye. Hubadilisha uamuzi pale kinapomwonyesha hatua inayofuata, na pale nyuma yake wanapokuwapo watu wa kumjibu na kumlinda akiifuata. Kikisema "hapana" kisha kikanyamaza, kitawekwa kando, na mara nyingi anayekiweka kando ana sababu nzuri.

Tusidhani kwamba mambo haya yalianza na simu. Muuguzi amekuwa akiamua kwa msaada wa vifaa vidogo tangu alipopewa kipimajoto na saa ya kubandika kifuani ili ahesabu mapigo ya moyo. Kifaa ambacho kwa maoni yangu ndicho babu halisi wa programu zote za leo ni chati ya uchungu, ile patografu ambayo kila mkunga wa Tanzania ameijaza. Philpott na Castle waliichora Rhodesia na kuichapisha mwaka 1972, wakiwa na tatizo ambalo mkunga wa Kilimanjaro analifahamu: mama yuko kituo kidogo, uchungu umekwama, na hakuna anayejua kama bado ni wakati wa kusubiri au gari liitwe. Wakachora mstari wa tahadhari, na saa 4 mbele yake mstari wa kuchukua hatua. Mlango wa kizazi ukifunguka polepole hata alama zikavuka mstari wa kwanza, mkunga anajua kwamba ni saa ya kufikiria rufaa, na akipiga simu hospitali ana karatasi ya kuonyesha. Ukubwa wa uvumbuzi ule haukuwa katika hesabu yake. Ulikuwa katika kumpa mkunga haki ya kusema "mama huyu aondoke sasa" bila kungoja mkubwa aje athibitishe. Udhaifu wake nao ulionekana mapema. Mahali ambapo gari halikuwapo, au hospitali haikuwa tayari kupokea, chati ilijazwa baada ya mtoto kuzaliwa, ili faili likamilike. Shirika la Afya Duniani lilipotoa mwongozo mpya wa chati ya uchungu mwaka 2020, mistari ile miwili iliondolewa kwa sababu ushahidi ulionyesha kuwa wanawake wengi huzaa salama hata uchungu ukienda taratibu kuliko ilivyodhaniwa. Hata hivyo wazo la msingi lilibaki: kifaa cha mkunga lazima kiishie kwenye kitendo.

Ndivyo ilivyokuwa kwa hesabu ya pumzi. Utafiti uliofanyika Papua New Guinea katika miaka ya 1980 ulionyesha kwamba mhudumu asiye na eksirei wala kifaa cha kusikilizia kifua anaweza kumtambua mtoto mwenye nimonia kwa kuhesabu tu pumzi zake kwa dakika moja kamili. Pumzi 50 au zaidi kwa mtoto wa miezi 2 hadi kabla ya kutimiza mwaka, 40 au zaidi kwa wa mwaka mmoja hadi 5. UNICEF ikasambaza saa ndogo ya kulia mlio dakika inapotimia. Namba zile zilitosha kwa sababu kila moja ilikuwa imefungwa kwenye dawa au rufaa.

Sasa turudi Pasua. Kati ya mwaka 2002 na 2004 watafiti walifuatilia wajawazito 2,654 waliokuwa katika miezi mitatu ya mwisho ya ujauzito, wote wakihudhuria kliniki mbili za Manispaa ya Moshi, Majengo na Pasua. Asilimia 6.9 walikutwa na virusi vya UKIMWI. Namba hiyo ilitumika baadaye kueleza mengi kuhusu ndoa, pombe na wanaume wa mji huu, lakini mimi nadhani jambo kubwa zaidi lilikuwa mahali ilikotoka. Miaka michache tu kabla ya hapo, mwaka 1999, utafiti wa Uganda ulikuwa umeonyesha kwamba dozi moja ya nevirapini kwa mama na moja kwa mtoto inapunguza sana maambukizi wakati wa kuzaliwa. Tanzania ilianza majaribio ya huduma hiyo mwaka 2000 katika hospitali chache kubwa, KCMC ikiwamo. Kutoka hospitali kubwa huduma ilishuka hadi kliniki za kata, na kule mwenye kushika kijiti cha kipimo hakuwa daktari. Alikuwa muuguzi mkunga, yule yule anayepima uzito, anayeandika kadi ya kliniki na anayemjua mama kwa jina la mtoto wake wa kwanza.

Muuguzi yule alipewa kipimo, na pamoja nacho akapewa mafunzo ya ushauri nasaha, rejista ya kuandikia, dawa ya kumpa mama aliyekutwa na virusi, na mahali pa kumpeleka baadaye. Ilipofika mwishoni mwa mwaka 2013, Tanzania ilipoanza kutekeleza mpango uliojulikana kama Option B Plus, wauguzi wa kliniki za mama na mtoto wakawa ndio wanaowaanzishia wajawazito dawa za kudumu, pale pale walipopimiwa. Huo ni uamuzi wa maisha mazima ya mtu. Katika miaka isiyozidi 15 ulishuka kutoka kwa daktari bingwa hadi kwa muuguzi wa kata, na majibu ya kipimo yaliheshimiwa: aliyekutwa hana virusi hakupewa dawa za virusi "kwa tahadhari," wala aliyekutwa navyo hakuambiwa asubiri aonekane zaidi.

Linganisha na malaria, katika mji huo huo na miaka hiyo hiyo. Mwaka 2004 Hugh Reyburn na wenzake, wakifanya kazi na watafiti wa KCMC na wa Taasisi ya Taifa ya Utafiti wa Magonjwa ya Binadamu, walichapisha matokeo kutoka hospitali 10 za kaskazini-mashariki mwa Tanzania. Wagonjwa 4,474 waliotibiwa kama wenye malaria kali walichunguzwa damu kwa uangalifu. Waliokutwa na vimelea walikuwa 2,062, yaani asilimia 46.1. Wengine wote, zaidi ya nusu, walilazwa na kutibiwa ugonjwa ambao haukuonekana katika damu yao. Ilionekana kwamba dawa ya tatizo hili ni kuleta kipimo cha haraka, ambacho hakihitaji darubini wala umeme, tone la damu na mistari miwili tu. Mwaka 2007 kundi hilo hilo likachapisha jaribio lililolinganisha kipimo cha haraka na darubini kwa wagonjwa wa nje 2,416 katika hospitali tatu. Kipimo kilifanya kazi yake. Waandika dawa hawakukifuata. Zaidi ya nusu ya wagonjwa walioonekana hawana malaria, wawe wamepimwa kwa darubini au kwa kijiti, waliondoka na dawa za malaria. Katika maeneo yenye malaria kidogo, dawa 9 kati ya 10 zilikwenda kwa watu ambao kipimo alichokiagiza mhudumu mwenyewe kilikuwa kimesema hawana ugonjwa huo.

Msomaji mwepesi wa hasira atasema wahudumu wale walikuwa wazembe. Ushahidi unakataa. Clare Chandler na wenzake walikaa na matabibu wa hospitali za eneo hili wakiwasikiliza namna wanavyofikiri, na walichoandika mwaka 2008 ni cha kufundisha. Malaria ilikuwa jibu linalokubalika. Mtu akikosa kuitambua malaria na mgonjwa akafa, atalaumiwa na wenzake, na wakubwa wake, na ndugu wa marehemu. Akikosa kutambua ugonjwa mwingine, hakuna atakayejua. Vijana wanaotoka chuoni wakiwa na mwongozo mpya kichwani waliuacha ndani ya muda mfupi, wakafuata wanachofanya wakubwa wa wodi. Katika mazingira hayo kijiti kinachosema "hakuna vimelea" hakikuwa msaada. Kilikuwa mzigo, kwa kuwa kilimnyang'anya mhudumu jibu alilokuwa nalo bila kumpa lingine.

Hapa mtu anaweza kunipinga, na pingamizi lenyewe lina uzito. Kulinganisha kipimo cha UKIMWI na cha malaria, atasema, si haki. Mjamzito anayekutwa hana virusi anarudi nyumbani mzima, hadai chochote zaidi. Mtoto anayekutwa hana malaria bado anachemka, na mama yake amesimama hapo hapo. Tena walioandika dawa katika majaribio yale wengi walikuwa matabibu, si wauguzi. Nakubali yote mawili. La pili halibadilishi hoja, kwa kuwa katika zahanati nyingi muuguzi ndiye anayebaki na mgonjwa tabibu akiwa likizo, semina au safarini, na desturi anayoifuata ni ile aliyoikuta. La kwanza ndilo hasa ninalotaka lionekane. Kipimo cha malaria kinajibu swali moja tu, wakati mgonjwa amekuja na swali jingine. Yeye hakuuliza kama ana malaria. Ameuliza anaumwa nini.

Na Moshi ndiko swali hilo lilikopata jibu la kushtua. Kuanzia Septemba 2007 hadi Agosti 2008, John Crump na wenzake waliwafuatilia wagonjwa 870 waliolazwa na homa KCMC na Mawenzi, watoto na watu wazima. Walipofika hospitali, 528 kati yao, asilimia 60.7, waliandikiwa kuwa wanaumwa malaria. Maabara ilipomaliza kazi, wenye malaria kweli walikuwa 14. Asilimia 1.6. Waliobaki walikuwa na nini? Baadhi walikuwa na bakteria katika damu. Wengine, kati ya waliopimwa, walikuwa na magonjwa ambayo jina lake halikuwahi kuandikwa kwenye faili zao: leptospirosisi, homa ya Q, homa za rikitsia zinazoletwa na kupe, bruselosisi, chikungunya. Yale manne ya kwanza hutoka kwa wanyama, na mtu anayeijua Kilimanjaro hatashangaa, kwa kuwa mlimani ng'ombe na mbuzi hufungwa bandani karibu kabisa na nyumba, majani hukatwa na kuletwa, samadi hubebwa kwa mikono hadi shambani kwenye migomba. Ni utaratibu wa kilimo uliolisha watu hawa kwa vizazi vingi. Ndio pia ulioleta homa ambazo kijiti cha malaria hakina habari nazo.

Nasisitiza kwamba utafiti ule haukufanyika katika zahanati ya porini. Ulifanyika katika hospitali mbili kubwa kuliko zote mjini, zenye madaktari na maabara, na hilo linajibu wale wanaosema kwamba vifaa vya maamuzi vya muuguzi ni habari za vijijini, kwamba kituo kama Pasua, chenye hospitali ya mkoa na ya rufaa ndani ya mji huo huo, hakivihitaji. Ukaribu wa daktari haukuwaokoa karibu wote wa wale 528 na jina lisilo lao.

Juhudi iliyofuata ilikuwa ya kuwabadilisha wahudumu badala ya kipimo. Katika vituo 36 vya ngazi ya chini vya Muheza na Moshi Vijijini lilifanyika jaribio ambalo matokeo yake yalichapishwa mwaka 2015. Wahudumu wa kundi moja walipata mafunzo ya kawaida tu ya kutumia kipimo cha haraka. Makundi mengine yaliongezewa mikutano midogo ya kujadiliana, na baadaye ujumbe mfupi kwenye simu zao za kawaida: wa kuwatia moyo na wa kuwaeleza jinsi walivyokuwa wakitumia majibu ya vipimo. Kundi la tatu lilipata hayo yote pamoja na vipeperushi na mabango kwa wagonjwa. Kadiri msaada ulivyoongezeka, ndivyo dawa za malaria kwa wasio na malaria zilivyopungua. Simu katika jaribio lile haikufikiri kwa niaba ya mtu. Ilikuwa sauti ya wenzake ikimfikia kazini, na hiyo ilitosha kumfanya aamini kipimo alichokuwa nacho siku zote. Lakini homa bado ilikuwa homa. Kundi la watafiti la ACT Consortium lilipojumlisha tafiti za namna hii kutoka nchi tano za Afrika na Afghanistan mwaka 2017, ilionekana kwamba palipoingia kipimo cha haraka cha malaria, matumizi ya antibayotiki yalielekea kupanda. Mkono ulioacha dawa mseto ya malaria ulichukua amoksilini. Usugu wa dawa tunaouhofia leo huenda umelishwa kwa sehemu na kipimo kilichokuwa sahihi kabisa.

Kwa hiyo kizazi cha vifaa kilichofuata kilipaswa kujibu "ikiwa si malaria, ni nini, na nifanye nini sasa?" Mbegu yake ilikuwa kitabu cha karatasi, mwongozo wa kutibu magonjwa ya watoto kwa uwiano ambao Tanzania iliupokea katika miaka ya 1990. Tathmini ya Morogoro Vijijini na Rufiji iliyochapishwa mwaka 2004 ilikuta vifo vya watoto chini ya miaka 5 vikiwa chini kwa asilimia 13 kuliko katika wilaya jirani zisizokuwa na mwongozo huo. Kitabu kilikuwa kizuri, ila kilihitaji mafunzo ya siku 11, na mhudumu mwenye foleni ya akina mama 40 nje ya mlango alikifunga akatumia kumbukumbu. Hapo ndipo Brian DeRenzi na wenzake walipokihamishia kwenye kompyuta ndogo ya kiganjani na kuijaribu Mtwara. Matokeo yao ya mwaka 2008 yalionyesha kwamba wahudumu walifanya asilimia 84.7 ya uchunguzi unaotakiwa, kutoka asilimia 61, bila kutumia muda mrefu zaidi kwa kila mtoto. Kifaa hakikuwa na ujuzi wowote ambao kitabu hakikuwa nao. Kilichofanya ni kukataa kurukwa: swali la pili halifunguki kabla ya la kwanza kujibiwa.

Kisha Dar es Salaam, watafiti wa Uswisi na wa Tanzania walitengeneza mwongozo mpya wa kwenye simu ulioitwa ALMANACH. Ulikuwa na tawi mahsusi kwa mtoto mwenye homa ambaye hana malaria. Katika matokeo ya Amani Shao na wenzake ya mwaka 2015, watoto walioandikiwa antibayotiki siku ya kwanza walikuwa asilimia 15 kwenye vituo vilivyotumia mwongozo huo, na asilimia 84 kwenye vingine, na waliopona kufikia siku ya saba walikuwa wengi zaidi upande wa simu, asilimia 97 dhidi ya 92. Mrithi wake, ePOCT, aliongeza kifaa cha kubana kidoleni cha kupimia oksijeni na vipimo vya tone la damu. Mwaka 2017 ilionyeshwa kwamba antibayotiki zilishuka hadi asilimia 11.5. Na mwaka 2024 likachapishwa jaribio kubwa la vituo 40 vya Mbeya na Morogoro ambamo wahudumu wa kawaida, katika siku za kawaida za kazi, walitumia vishikwambi vyenye mwongozo wa aina hiyo: antibayotiki kwa watoto asilimia 23 dhidi ya 70, na hakuna dalili kwamba watoto waliumia kwa kunyimwa. Takwimu hizi zinanivutia kwa jambo moja juu ya mengine. Wahudumu hawa ni wa daraja lile lile la wale ambao katika jaribio lililochapishwa mwaka 2007 walipuuza kijiti. Watu hawakubadilika. Walichobadilishiwa ni kifaa, kikawa sasa kinakwenda nao hadi mwisho wa njia: mwangalie hiki, mpe hiki, mwambie mama arudi siku fulani akiona dalili hizi.

Kilimanjaro imetoa mfano mwingine, nao ni wa wauguzi zaidi. Saratani ya mlango wa kizazi inaua wanawake wengi Tanzania, na njia rahisi ya kuitafuta mapema ni kupaka siki nyepesi, kusubiri dakika moja, na kutazama kama panageuka peupe. Muuguzi anaweza kuifanya. Tatizo lake ni kwamba wanawake wengi hawana kasoro, hivyo muuguzi aliyefunzwa wiki iliyopita hukaa muda mrefu bila kuona kasoro hata moja, na jicho linaanza kupotea. Karen Yeates wa Canada pamoja na wataalamu wa Moshi waliwapa wahudumu wasio madaktari simu janja. Muuguzi anapiga picha ya mlango wa kizazi, anaandika anavyoona yeye, anatuma, na mtaalamu anamjibu. Waliuchapisha utaratibu huo mwaka 2016 wakiuita kwa jina la Kilimanjaro. Kwangu ndio kifaa chenye hekima kuliko vyote nilivyovitaja, kwa sababu kinamlazimisha muuguzi atoe uamuzi wake kwanza. Jibu la mtaalamu linakuja juu ya uamuzi, halichukui nafasi yake. Mwaka ukipita, jicho la muuguzi ni kali zaidi, na hata simu ikiharibika ujuzi umebaki kliniki.

Hilo linanifikisha kwenye pingamizi ninaloliheshimu kuliko yote, ambalo wauguzi wakongwe hulitoa: kwamba vishikwambi vitazaa wauguzi wa kubonyeza, wanaotazama kioo wakati mtoto anabadilika rangi mbele yao. Hofu hii haitokani na ushamba. Programu inayouliza maswali 30 kwa mpangilio usiobadilika inaweza kweli kumchosha muuguzi mwenye akili na kumfanya yule mvivu ajisikie amemaliza kazi. Hata hivyo nauliza tunalinganisha na nini. Katika wodi zile za mwaka 2007 na 2008, bila kioo chochote, watu 528 waliitwa wenye malaria. Macho ya uzoefu yalikuwapo, na uzoefu ndio uliokuwa umefunzwa vibaya, kwa sababu hakuna aliyekuwa akirudi kumwambia mhudumu kwamba mgonjwa wake wa juzi hakuwa na malaria. Uzoefu usiosahihishwa huongeza ujasiri tu. Kifaa kinachorudisha majibu, kama ule ujumbe wa Moshi Vijijini au ile picha ya mlango wa kizazi, kinafanya kazi ambayo zamani ilifanywa na daktari aliyepita wodini akifundisha. Kifaa kisichorudisha chochote kinastahili hofu ya wakongwe.

Pingamizi la simu kama simu ni jepesi zaidi, ingawa linaumiza. Wagonjwa wamelalamika kwa miaka kwamba wauguzi wanachati kazini, na mahali pengine simu zimekatazwa wodini. Mama hawezi kujua kwa kutazama tu kama nesi anafuata mwongozo au anasoma habari za harusi. Njia ya kulitatua inajulikana: kifaa kiwe cha kituo, kikae mezani pamoja na kipimajoto, na mama aonyeshwe kinachoandikwa. Linalotisha zaidi ni miradi. Vifaa vingi nilivyovitaja vilianza kwa fedha za utafiti, na mtafiti anapofunga virago, chaja inapotea, kifurushi cha intaneti kinakwisha, muuguzi aliyefunzwa anahamishwa. Kipimo cha UKIMWI kilisalimika kwa kuwa kiliingia katika bajeti, rejista na ripoti ya kila mwezi. Vishikwambi bado havijafika hapo, na visipofika vitaishia kabatini.

Kuna pia suala la nani anayebeba lawama. Mgawanyo rasmi wa kazi unampa tabibu kalamu ya kuandika dawa, na muuguzi jukumu la kutoa na kumhudumia mgonjwa. Sheria ya Uuguzi na Ukunga ya mwaka 2010 iliweka taaluma hii chini ya baraza lenye nguvu ya kumwadhibu anayevuka mipaka. Kwa dawa za virusi serikali ilitoa mwongozo ulio wazi kwamba muuguzi wa kliniki anaruhusiwa kuanzisha, na wauguzi wakaanzisha. Kwa homa ya mtoto saa nane usiku, muuguzi anayefuata kishikwambi na kumrudisha mtoto nyumbani bila dawa anasimama peke yake mambo yakiharibika. Anayetoa amoksilini hasimami peke yake, kwa kuwa amefanya wanachofanya wote. Chandler alilikuta jambo hili kwa matabibu na malaria; litajirudia kwa wauguzi na antibayotiki mpaka mwongozo wa wizara useme wazi kwamba aliyefuata hatua akaziandika amefanya kazi yake.

Na bado homa za Moshi zenyewe hazijapata kifaa chao. ALMANACH na ePOCT vilijaribiwa kwa watoto, kwanza katika jiji la pwani, kisha Mbeya na Morogoro. Kati ya wale 870 wa KCMC na Mawenzi, 403 walikuwa vijana na watu wazima, na mkulima wa Kibosho anayefika na homa ya wiki mbili baada ya kumzalisha ng'ombe hana tawi lake katika programu yoyote iliyopo kituoni. Swali la kumuuliza ni fupi: unafuga, umeshika kondo au damu ya mnyama, umeumwa na kupe? Dawa ya baadhi ya homa hizo, doksisaiklini, ni ya bei nafuu na ipo. Kinachokosekana ni kipimo cha kuaminika cha kando ya kitanda kwa leptospirosisi na bruselosisi, na mtu wa kuyaweka maswali hayo matatu ndani ya mwongozo unaotumika kaskazini. Data ya kuanzia ilikusanywa katika mji huu zaidi ya miaka 15 iliyopita.